Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Katuni, Filamu za Mashujaa na Matamasha ya Roki

Ninaandika riwaya za upelelezi na za mambo ya ajabu, na ninaishi Mwanza. Kila ninapoalikwa kuzungumza na wasomaji, iwe shuleni, maktabani au katika uzinduzi wa kitabu cha mwenzangu, maswali kuhusu riwaya zenyewe huisha mapema, kisha huanza yale ya katuni, ya filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu na ya muziki wa magitaa. Hapa nimekusanya yanayojirudia zaidi. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, nimemwelekeza msomaji huko.

## Mambo ya msingi

Wewe ni mwandishi wa riwaya. Katuni na filamu zinakuhusu nini?

Zinanihusu kwa sababu ni ndugu wa kazi yangu. Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi ilijengwa na wahusika wanaorudi: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja asiyeachana na kiko chake, kisha Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Walirudi kitabu baada ya kitabu wakiwa na tabia zilezile na maadui wapya, na huo ndio mwendo wa vitabu vya katuni vya Marekani. Msomaji aliyekuwa akimsubiri Joram Kiango na yule aliyekuwa akimsubiri Spider-Man walisubiri jambo moja, yaani kumwona mtu wanayemfahamu akitumbukia katika shida wasiyoifahamu.

Muziki umeingia kwa mlango mwingine. Wahusika wangu kadhaa ni wapiga gitaa, na wasomaji hudhani, kwa haki kabisa, kwamba mwandishi ana la kusema juu ya jukwaa.

Unatumia kipimo gani unaposema kwamba kazi fulani ni nzuri?

Ninaangalia ni kazi kiasi gani imeachiwa hadhira. Katuni nzuri humwachia msomaji kujaza tukio ambalo mchoraji hakulichora. Filamu nzuri humwachia mtazamaji kuamua nani mwenye haki. Tamasha zuri huwaachia watu waliolipa kiingilio sehemu ya wimbo. Kazi inayofanya kila kitu yenyewe, ikaeleza kila hisia na kulipua kila jengo, huniacha nimekaa tu. Majibu mengi yaliyomo katika ukurasa huu yanatokana na kipimo hicho, na asiyekikubali atapingana nami karibu kila mahali.

Je, huoni kwamba hizi ni sanaa nyepesi, zisizostahili kuwekwa karibu na fasihi ya kweli?

Swali hili huulizwa zaidi na walimu, na kwa kawaida hufuatwa na jina la Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944. Ninalipokea jina hilo kwa heshima zote. Hata hivyo, Kezilahabi huyohuyo, katika kazi zake za miaka ya mwisho ya themanini na mwanzo wa tisini, aliuacha uhalisia akaandika dunia za ndoto na ishara ambazo msomaji wa riwaya za ajabu angejisikia nyumbani ndani yake. Naye Aniceti Kitereza, pia wa Ukerewe, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na haikuchapishwa kwa Kiswahili hadi 1980. Kama kazi nzito kiasi hicho ilikaa miaka 35 ikisubiri mchapishaji, basi tusiwe wepesi wa kudhani kwamba soko hujua kutenganisha kizito na chepesi.

## Katuni

Ulianza na katuni zipi?

Nilianza na zile zilizokuwa karibu: Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kisha jarida la Sani lenye akina Ndumilakuwili, Lodilofa na Madenge, ambalo nakala yake moja ilisomwa na mtaa mzima kwenye kiti cha kinyozi. Mashujaa wa Marekani walikuja baadaye, mara nyingi katika vitabu visivyo na jalada wala ukurasa wa mwisho. Kukosa ukurasa wa mwisho ni shule nzuri sana kwa mtu atakayekuja kuandika riwaya za upelelezi.

Marvel au DC?

Sichagui kati ya kampuni hizo mbili za katuni za Marekani. Uliza nani alichora na nani aliandika, kwa sababu kampuni haijawahi kubuni mhusika hata mmoja.

Ninalitilia mkazo hili kutokana na historia yenyewe. Superman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliouza haki zote kwa dola 130. Mhusika akaingiza mamilioni huku wao wakihangaika na maisha na mahakama, hadi mwaka 1975, baada ya kelele za umma, walipopewa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi. Kwa Batman, aliyeanza mwaka 1939, jina lililotajwa kwa miongo mingi lilikuwa la Bob Kane peke yake, ingawa Bill Finger ndiye aliyebuni sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mhusika huyo. Finger alifariki mwaka 1974, na kutajwa rasmi kama mshirika kulikuja mwaka 2015. Jack Kirby, aliyeshirikiana na Stan Lee kubuni karibu nusu ya mashujaa wanaojaza majumba ya sinema leo, alilazimika kugombania hata kurudishiwa karatasi alizochora kwa mkono wake.

Mwandishi chipukizi wa Mwanza anayeletewa mkataba wa ukurasa mmoja na kuambiwa atie saini leo hii, kwa kuwa gari la mchapishaji linarudi Dar es Salaam jioni, anapaswa kuijua habari ya zile dola 130.

Kwa nini unasema kwamba picha tuli ina nguvu kuliko picha inayotembea?

Kwa sababu ya ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku. Chukua mfano nilioutumia mara nyingi ninapofundisha. Katika kisanduku cha kwanza tunaona mkono wa mtu ukiifikia taa ndani ya mtumbwi wa dagaa, usiku usio na mwezi. Katika kisanduku cha pili tunaliona ziwa kutoka ufukweni, mbali, na mstari wa taa za wavuvi ukiwa na pengo moja. Hakuna aliyechorwa akifa au akizama, wala hakuna aliyechorwa akiiba. Msomaji mmoja huona mauaji, mwingine huona magendo, wa tatu huona mvuvi aliyeishiwa chaji na kwenda zake kulala. Wote watatu wamefanya kazi katika ile nafasi nyeupe, na kila mmoja atafungua ukurasa unaofuata akiwa na lake la kulinda.

Filamu inaweza kufanya hivyo kwa kukata picha, na mabingwa wake hufanya, lakini filamu huamua pia muda: sekunde mbili zikipita zimepita. Katuni humruhusu msomaji kukaa juu ya lile pengo la taa kwa dakika tano, kurudi nyuma, kisha kusonga mbele kwa mwendo wake. Riwaya nayo ina uhuru huo wa muda, ila haina lile pigo la jicho. Ndiyo maana ninawaonea wivu wachoraji.

Je, katuni zinaharibu watoto?

Hofu hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoniuliza. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Fredric Wertham alichapisha nchini Marekani kitabu kilichodai kwamba katuni huzaa wahuni, kamati ya Baraza la Seneti ikaketi kusikiliza, na wachapishaji, kwa woga, wakajiwekea kanuni zilizokataza hata neno la kutisha katika jina la jarida, pamoja na wafu wanaonyonya damu na watu wanaogeuka mbwa mwitu. Kanuni hizo zililegea polepole, na zikafa kabisa mwaka 2011. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1992, katuni ya Art Spiegelman kuhusu mateso ya Wayahudi chini ya Wanazi ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Chombo kilichodhaniwa kuwa sumu kilikuwa kimebeba mojawapo ya simulizi nzito za karne.

Kwa mzazi ninashauri jambo moja: isome wewe kwanza. Zipo katuni za watu wazima zenye damu na mapenzi, na picha nzuri juu ya jalada haimaanishi kwamba ni ya darasa la tatu. Ningemwomba pia aangalie namna Mwafrika anavyochorwa. Mchoraji wa Ubelgiji anayejulikana kama Hergé alimpeleka Tintin Kongo katika hadithi ya miaka ya 1930 na 1931, akawachora wenyeji kwa dharau. Alipoichora upya mwaka 1946, somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kikongo kuhusu nchi yao Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu, lakini midomo na macho ya wenyeji yalibaki vilevile. Mtoto anayesoma hiyo peke yake, bila mkubwa wa kumweleza, hudhurika kuliko anayesoma juu ya mizimu.

Ninaweza kupata wapi katuni hapa Mwanza?

Jaribu Maktaba ya Mkoa, wauza vitabu vya mitumba, na simu yako. Kwa lugha yetu na mazingira yetu, fuatilia Shujaaz, iliyoanzia Kenya mwaka 2010 na baadaye kuja Tanzania. Kwa watoto wapenda mpira, Supa Strikas bado haijapata mpinzani.

## Filamu za mashujaa

Uliipenda Black Panther?

Niliipenda kwa robo tatu yake. Mhusika alianza katika katuni ya mwaka 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, wazaliwa wa New York wote wawili. Filamu iliyoongozwa na Ryan Coogler ilitoka mwaka 2018, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kupata tuzo tatu za Oscar, kwa mavazi, kwa usanifu wa mandhari na kwa muziki. Kilichonishika ni adui yake. Killmonger ana dai la haki: nchi tajiri ya Kiafrika ilijificha huku watu wa rangi yake wakiuzwa na kuonewa duniani kote, na hakuna hata mmoja katika filamu anayeweza kumjibu kikamilifu. Mtazamaji analazimika kulijibu dai hilo mwenyewe akiwa njiani kurudi nyumbani. Ile robo iliyobaki ni pambano la chini ya ardhi, ambako picha mbili za kompyuta zenye mavazi yanayofanana zinapigana hadi huwezi kujua nani ni nani.

Wengi huuliza kwa nini watu wa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, hawazungumzi Kiswahili ilhali wanawekwa Afrika Mashariki. Lugha iliyotumika ni Kixhosa, na ilianza katika filamu ya mwaka 2016 ambamo John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyekuwa baba wa mfalme, aliitumia lugha yake ya nyumbani. Lugha iliyoingia kwa mdomo wa mtu anayeimiliki inanitosha kuliko Kiswahili cha kukariri ambacho Hollywood hutulisha.

Kila mtu anajua kwamba stelingi hafi. Sasa wasiwasi wa hadithi unatoka wapi?

Unatoka kwenye gharama. Katika kibanda umiza chochote (banda la mtaani la kuonyeshea filamu) cha Mabatini au Igoma hapa Mwanza, mtoto wa miaka saba atakuambia kabla ya filamu kuanza kwamba stelingi hafi, na bado atakaa saa mbili na nusu juu ya benchi. Hakai ili ajue kama shujaa atapona. Anataka kujua kupona huko kutamgharimu nini, kwa maana ya rafiki, jina jema, mkono, au siri iliyofichwa tangu mwanzo.

Filamu nyingi za karibuni zimesahau hesabu hiyo. Shujaa anaporusha magari kama visoda, akaangukiwa na ghorofa na kuinuka na mchubuko mmoja shavuni, mizani yote ya hadithi inapotea, kwa kuwa sijui tena ni kipi kinachoweza kumuumiza. Dawa inayotumiwa ni kuongeza ukubwa wa hatari, kutoka mtaa hadi mji, kutoka mji hadi dunia, kutoka dunia hadi ulimwengu mzima na ulimwengu mwingine wa pembeni. Mimi ninaweza kuulilia mtaa, siwezi kuulilia ulimwengu mzima. Spider-Man wa Stan Lee na Steve Ditko, aliyeanza mwaka 1962, aliteka watu kwa sababu alikosa kodi ya nyumba, na kwa sababu baba yake mkubwa alikufa kutokana na uzembe wa Spider-Man mwenyewe. Waandishi wa filamu wanaporudi kwenye kiwango hicho, ninarudi na mimi.

Martin Scorsese, mwongozaji wa filamu wa Marekani, alisema filamu za Marvel si sinema. Unakubali?

Alisema mwaka 2019 kwamba zinakaribia viwanja vya michezo na bembea kuliko sinema, mwaka uleule ambao filamu moja ya mfululizo huo iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7. Ninakubali nusu. Bembea haimwachii mpandaji kazi yoyote, na kwa kipimo nilichokieleza mwanzoni hilo ni pungufu. Lakini hakuwahi kuzitazama katika kibanda chenye mtafsiri, na hapo jibu hubadilika.

Watafsiri wa filamu za vibandani wanaharibu kazi ya watu?

La, mara nyingi wanaikamilisha. Kwa asiyefahamu: mtafsiri huongea juu ya filamu nzima, akitafsiri, akifafanua, akitabiri na kutania. Lufufu ndiye aliyeifanya kazi hiyo ijulikane Tanzania nzima, na sauti yake ilifika hadi visiwani kwa kanda na baadaye kwa diski. Kenya wana DJ Afro, na Waganda wamekuwa na utamaduni kama huo kwa muda mrefu. Mtafsiri hodari humpa jambazi jina la mtaani, akamfanya polisi wa Chicago kuwa mtu wa Sengerema, na akajaza kimya cha mwigizaji kwa methali. Kwa filamu ambayo haikuachia mtazamaji chochote cha kufanya, yeye ndiye anayerudisha nafasi: anabishana na filamu kwa niaba yetu, nasi tunabishana naye.

Kasoro ipo, na si ndogo. Filamu ya utulivu, ambamo mtu anasimama dirishani kwa dakika nzima na kimya hicho ndicho hadithi, hufa mikononi mwa mtafsiri. Yeye halipwi ili anyamaze.

Nianze kutazama kwa mpangilio gani?

Kwa mpangilio wa kutoka kwao, kuanzia ile ya Iron Man ya mwaka 2008 kama unataka mfululizo wa Marvel. Ukichoka, acha. Hakuna mtihani.

Je, sisi hatuna mashujaa wetu wenye nguvu za ajabu?

Tunao, na wameandikwa kwa akili kuliko wengi wa kulipiwa kiingilio. Fumo Liyongo wa pwani alikuwa na nguvu zisizo na mpinzani na udhaifu mmoja tu, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na aliyeichoma alikuwa mwanawe wa kumzaa. Hapo gharama imewekwa mahali pake hasa, ndani ya nyumba.

Kwetu Usukumani yupo Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha; mtoto aliyezaliwa akakua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo na watu wakatoka wazima. Hadithi ya Marekani ingeishia hapo kwa muziki mkubwa. Masimulizi ya Kisukuma yanaendelea: wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye, badala ya kushukuru kwa kuokolewa, akakasirika na kutaka kumroga mkombozi wake. Masala Kulangwa akalazimika kutafuta dawa ya kumponya, na baada ya hapo ndipo akafanywa mtemi. Sijaona filamu ya mashujaa iliyowahi kuuliza swali gumu kama lile sikio: aliyekuokoa akikujeruhi, anakudai au unamdai?

## Roki na matamasha

Kweli unapenda roki, ukiwa Mwanza?

Ninaipenda, na siioni kama kitu cha kigeni sana. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Majirani zetu wa Zambia walikuwa na roki yao katika miaka ya 1970, yenye magitaa makali na mashairi ya nyumbani, na bendi ya WITCH ya Emmanuel Chanda bado inasikilizwa duniani. Na aliyewahi kusikia gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe likiingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo wa dansi inayochangamka, hana haja ya kufundishwa kwamba gitaa la umeme linaweza kubeba jukwaa zima. Tofauti kubwa iko kwenye makali: roki huliharibu umbo la sauti kwa makusudi, dansi hulisafisha.

Tamasha bora kabisa ni lipi kwa maoni yako?

Kwa yale niliyoyaona kwenye video tu, ni zile dakika 20 na ushei za Queen katika uwanja wa Wembley tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Katikati ya onyesho Mercury anaacha kuimba nyimbo na kuanza kuurushia umati sauti tupu, nao unazirudisha, kila safari zikiwa ngumu zaidi. Watu zaidi ya 70,000 wanageuka kuwa ala ya muziki. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa hadhira kupewa kazi.

Kwa yale niliyosimama ndani yake, ni Bulabo ya Bujora, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, nje kidogo ya Mwanza, katika msimu wa Juni. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande uwanjani mwake, wengine na nyoka, wengine na majembe ya bugobogobo yakirushwa na kudakwa, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji hapigi kura kwa karatasi, hupiga kwa miguu. Upande mmoja ukipwaya, utaliona kundi la watu likimiminika kwenda ng'ambo, na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, akitafuta mbinu mpya papo hapo. Laiti bendi mbili kubwa za roki zingekubali kupangiwa hivyo.

Na matamasha makubwa ya Bongo Fleva yanayokuja uwanja wa Kirumba?

Ninakwenda, hasa akiwemo mtu wa kughani papo kwa papo. Fid Q, aliyekulia jiji hili, alituonyesha mapema kwamba kijana wa Mwanza anaweza kusimama popote. Kinachonikera ni msanii anayefungulia wimbo uliorekodiwa na kurukaruka juu yake kwa pleibeki. Wimbo huo ninao kwenye simu. Nimelipa kiingilio ili nisikie kile ambacho simu haina, pamoja na sauti ikikwama, mpiga besi akikosea na umati ukimwokoa.

Sauti kubwa za matamasha zina madhara?

Ndiyo, na madhara yake hayarudi nyuma. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100, na matamasha mengi ya roki hufikia au kupita hapo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni kwamba sikio huhimili desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu, muda salama hupungua nusu; kwa hiyo kwenye desibeli 100 umebakiwa na takriban robo saa. Vaa vizibo vya masikio, visivyo na gharama kubwa, na usisimame mbele ya spika. Mtoto mdogo asipelekwe kabisa karibu na jukwaa. Kama mlio masikioni haujaisha siku iliyofuata, nenda ukaonane na daktari.

Unaandika huku ukisikiliza muziki?

Hapana. Ninaisikia sentensi kabla ya kuiandika, na masikio mawili hayatoshi kwa wapigaji wawili.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini hujaandika shujaa anayeruka na kuokoa watu wa Ziwa Victoria?

Nimeombwa hivyo mara nyingi, na wachapishaji wameniambia kwamba kingeuzika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapotea. Katika jiji hili unaposoma kitabu ndani ya kivuko cha Kamanga, aliyekaa pembeni yako anaweza kuwa na mtu wake katika makaburi ya Igoma. Siwezi kumwandikia msomaji huyo shujaa anayeinua meli kwa mkono mmoja, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa siku ile shujaa huyo alikuwa wapi, na sina jibu.

Ninachoweza kumwandikia ni mpelelezi anayetaka kujua nani aliruhusu abiria wazidi. Huyo hana nguvu za ajabu. Ana daftari, na ana maadui wengi zaidi kuliko Superman.

Ninaweza kumchora mhusika wako katika katuni yangu?

Kwa kujifunza na kuwaonyesha rafiki zako, chora utakavyo. Kwa kuuza au kusambaza, niandikie kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe na marekebisho yake, wala hailindi wazo tupu; ukibuni mpelelezi wako wa Mwanza mwenye daftari, huhitaji ruhusa yangu wala mimi sikudai senti. Nikikuruhusu, tutaandikiana mkataba wa kurasa zaidi ya moja, na jina lako litakuwa juu ya jalada kwa ukubwa uleule na langu (sababu zimo katika jibu la Marvel na DC).

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, ninataka kuchora katuni lakini sijui kuchora vizuri. Nifanye nini?

Marahaba. Chora vibaya, lakini umalize. Chukua daftari la hesabu, lile la mistari ya visanduku, na utunge hadithi ya kurasa nne tu, ambayo inaanza na kuisha. Mikono ikikushinda, iweke mifukoni mwa wahusika. Wachoraji wakubwa nao hufanya hivyo. Maneno ndani ya viputo yasizidi yale ambayo mtu anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Kisha mpe mwenzako aisome bila wewe kusema lolote, na uangalie jicho lake linasimama wapi. Hapo linaposimama kwa kuchanganyikiwa, chora upya. Hapo linaposimama kwa kufikiri, usiguse.